Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jeni za Kinga na Swali la Urithi

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, hasa mnaouguza wenzenu nyumbani. Mambo ya fedha ataeleza mweka hazina. Mimi nitaitumia nafasi yangu kujibu swali lililorudi karibu kila kikao mwaka huu: je, mwanangu ataurithi ugonjwa huu?

Maltipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo, haurithiwi moja kwa moja. Kinachorithiwa ni uwezekano. Mtoto au ndugu wa tumbo moja na mgonjwa ana hatari ya takriban asilimia 2 hadi 4. Ni kubwa kuliko ya watu wengine, lakini walio wengi katika familia zetu hawataugua kamwe. Hata kwa pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenzake naye huugua katika takriban robo tu ya visa. Mzazi anayekosa usingizi kwa hofu hii, namwomba aisome aya hii mara mbili.

Tangu mwaka 1972 watafiti wamejua kwamba MS una uhusiano na jeni za HLA, zilizoko kwenye kromosomu ya 6. Jeni hizi hutengeneza protini zinazobeba vipande vya vijidudu na kuvionyesha kwa seli T, yaani askari wa kinga, ili kinga ijue kipi ni chetu na kipi ni cha adui. Aina iitwayo HLA-DRB1*15:01 huongeza hatari karibu mara tatu, ilhali HLA-A*02 huipunguza. Mwaka 2019 muungano wa kimataifa wa watafiti ulitoa matokeo ya kulinganisha wagonjwa 47,429 na watu 68,374 wasio na MS, ukabaini tofauti 233 za kijeni zinazohusiana na MS. Nyingi zinagusa seli za kinga, zikiwemo mikroglia zinazoishi ndani ya ubongo, na karibu zote zina uzito mdogo sana zikitazamwa mojamoja.

Elimu hii ina manufaa hata kwa tiba. Dawa za kuzuia TNF, protini ya kinga inayochochea uvimbe mwilini, huwasaidia wagonjwa wa baridi yabisi na wa uvimbe wa utumbo, lakini zilipojaribiwa kwa wagonjwa wa MS ziliwadhuru. Mwaka 2012 jeni ya TNFRSF1A ilitoa maelezo: aina yake inayoongeza hatari ya MS hutengeneza kipokezi (protini inayoinasa TNF) kinachotoka nje ya seli na kuizuia TNF, sawa na zifanyavyo dawa hizo. Kwa hiyo mwanachama mwenye MS anayetibiwa pia viungo au utumbo amweleze daktari wake magonjwa yote mawili.

Jeni hazifanyi kazi peke yake. Utafiti wa mwaka 2022 uliofuatilia wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani ulionyesha kuwa maambukizi ya virusi vya Epstein-Barr huongeza hatari ya MS mara 32. Karibu watu wazima wote tunabeba virusi hivyo, na hadi sasa hakuna chanjo yake. Sigara ni jambo lingine: madhara yake huwa makubwa zaidi kwa mwenye DRB1*15:01 asiye na A*02, na hiyo tunaweza kuiacha.

Baadhi yenu mmeleta majibu ya vipimo vya jeni mlivyonunua wenyewe. Msimamo wa kamati ni kwamba fedha hizo zibaki mfukoni. Wengi wenye DRB1*15:01 hawaugui, na wagonjwa wengi hawana aina hiyo. MS hutambuliwa kwa uchunguzi wa daktari wa neva, picha za MRI na, inapohitajika, majimaji ya uti wa mgongo.

Habari iliyonigusa zaidi ni ya mwaka 2023, kuhusu kasi ya ugonjwa. Wenye nakala mbili za tofauti moja iliyo karibu na jeni za DYSF na ZNF638 huhitaji kifaa cha kutembelea karibu miaka minne mapema. Jeni hizo zinaelekea kuhusika na ubongo na uti wa mgongo kuliko kinga, nami naona hapo ndipo dawa za kulinda neva zinapaswa kutafutwa kwa nguvu zote.

Kasoro kubwa ya tafiti hizi ni kwamba washiriki wengi mno ni wenye asili ya Ulaya. Kamati inaomba ridhaa yenu kwa mambo mawili: tuwatie moyo wanachama wa asili nyingine wajitolee sampuli panapokuwa na utafiti ulioidhinishwa, na sehemu ya akiba igharimie ushauri wa kuacha sigara kwa wanachama na jamaa zao. Kura zitapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina.