Vyuo vya uuguzi viwape waombaji tarehe ya majibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wakuu wa vyuo vinavyofundisha uuguzi katika ngazi ya uzamili. Mimi ni muuguzi mwenye miaka tisa kazini, mingi kati ya hiyo nikiwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, na huu ni mwezi wa saba tangu nipeleke maombi yangu katika vyuo vitatu. Siandiki kulalamikia kukataliwa, kwa kuwa hakuna chuo kilichonikataa, wala hakuna kilichonikubali. Ninachoomba ni kwamba kila chuo kimweleze mwombaji, siku ile kinapopokea ada yake ya maombi, tarehe ambayo atapata jibu, na tarehe hiyo ikifika jibu lipatikane, hata kama ni la kukataa.

Huenda msomaji asiye wa fani hii akadhani kuwa kuomba nafasi ni kujaza fomu na kungoja. Mwombaji hutakiwa kupata hati ya matokeo kutoka chuo alichosoma zamani, uthibitisho wa leseni kutoka kwa mamlaka inayosajili wauguzi, barua mbili au tatu za mapendekezo, na insha inayoeleza kwa nini anataka kuendelea na masomo na kwa nini katika chuo hicho hasa. Vyuo vingine hudai pia mtihani wa lugha, na matokeo ya mitihani kama TOEFL hudumu kwa miaka miwili tu, kwa hiyo anayecheleweshwa misimu miwili hujikuta akirudia mtihani aliokwisha kuufaulu. Insha yangu niliiandika asubuhi, nikitoka zamu ya usiku, kwa majuma matatu. Barua moja ya mapendekezo niliiomba kwa mhadhiri aliyenifundisha muda mrefu uliopita, na kabla ya kumpigia simu nilikaa na simu mkononi nikijiuliza kama bado ananikumbuka. Alinikumbuka, akaandika, na tangu hapo kila tunapowasiliana huniuliza wamesema nini. Sina la kumjibu.

Watu hunihimiza kwa kuniambia kwamba subira huvuta heri. Nakubali, na kazi yetu yenyewe ni ya subira. Lakini kusubiri bila kujua mwisho wake kunazuia mambo mengi ambayo hayawahusu maofisa wa udahili na wala hawayaoni. Ratiba ya zamu hupangwa mapema, na msimamizi wa wodi anahitaji kujua kama mwezi fulani nitakuwapo ili atafute wa kuziba pengo, kwa sababu muuguzi aliyezoea mashine za kupumulia hapatikani kwa siku mbili. Ruhusa ya masomo huombwa kwa kuonyesha barua ya kukubaliwa. Mwajiri aliye tayari kumfadhili mtumishi wake hufunga bajeti kwa tarehe maalumu, na tarehe hiyo ikipita fedha huenda kwa mwingine. Mwenye watoto hawezi kuwaambia kama watahama shule. Yote hayo yanangoja mstari mmoja kwenye tovuti ya chuo, ambao kila nikiufungua unasema kwamba ombi linashughulikiwa.

Mwaka uliopita maneno hayo niliyasoma kwa miezi mitano katika chuo kimoja. Nilipopiga simu hatimaye, nikaambiwa kwamba jalada langu halikuwa limekamilika, kwa kuwa barua moja ya mapendekezo haikuonekana. Aliyeiandika alikuwa na uthibitisho kwamba aliituma kabla ya tarehe ya mwisho. Ilitafutwa, ikapatikana katika jalada la kozi nyingine, lakini udahili ulikuwa umekwisha kufungwa, nami nikashauriwa kuomba tena msimu ujao na kulipa ada upya. Kosa la kuweka karatasi mahali pasipo pake ningelisamehe, kwa maana na sisi tumewahi kuzikosea karatasi. Ambalo sijaweza kulizoea ni kwamba kwa miezi mitano hakuna aliyeniarifu kwamba kuna kitu kinakosekana, ilhali mtandao ule ule ulikuwa ukiniambia kuwa ombi langu linashughulikiwa.

Katika idara ya dharura tunafundishwa kwamba mgonjwa anayengoja hatelekezwi. Anapofika hupimwa, hupangiwa daraja kulingana na uzito wa hali yake, huelezwa kwamba wapo watakaohudumiwa kabla yake na kwa nini, kisha hurudiwa na kupimwa tena ili kuona kama amebadilika. Nimeona jinsi ndugu wa mgonjwa wanavyotulia wanapopata maelezo hayo, hata kama muda wa kungoja haukupungua kwa dakika moja, na nimeona pia hasira inayozuka pale ambapo saa tatu zimepita bila mtu kutokea mlangoni kusema neno. Vyuo vinavyotufundisha utaratibu huo, na kutunyima alama tukiukosea, vinaweza kuutumia kwa waombaji wao.

Najua kwamba ucheleweshaji una sababu, na si haki kuzipita kimya. Kozi ya uzamili katika uuguzi haipanuki kwa kuongeza viti darasani. Kila mwanafunzi anahitaji mahali pa mafunzo kwa vitendo na muuguzi mzoefu wa kumwongoza kitandani kwa mgonjwa, na hao ni wachache kama walivyo wachache wahadhiri. Kamati ya udahili mara nyingi ni wahadhiri hao hao, ambao husoma majalada jioni baada ya kufundisha na kusimamia wanafunzi wodini. Chuo pia hakiwezi kujua idadi kamili ya nafasi mpaka waliokubaliwa mwanzo wathibitishe kwamba watakuja. Lakini hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayozuia kutaja tarehe, wala kumwandikia aliye katika orodha ya kusubiri kwamba yumo humo na ni wa ngapi.

Jambo hili linagusa zaidi ya sisi tunaoomba. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 kuhusu hali ya uuguzi ilihesabu wauguzi milioni 29.8 duniani kufikia mwaka 2023, na upungufu wa milioni 5.8. Wa kuwafundisha wauguzi wanaokosekana hutoka katika madarasa haya haya ya uzamili na uzamivu. Baraza la Kimataifa la Wauguzi nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza shahada ya uzamili iwe kiwango cha chini kwa muuguzi anayefanya kazi za ngazi ya juu. Muuguzi anayekata tamaa kwa sababu ya kimya, akaamua kubaki alipo, ni mhadhiri mmoja aliyepungua miaka michache baadaye, na wodi nyingi zitahisi pengo lake bila kujua lilianzia wapi.

Kuna mfano unaoonyesha kwamba vyuo vikitaka hukubaliana. Nchini Marekani, vyuo vingi vilivyo chini ya Baraza la Vyuo vya Uzamili vimetia saini makubaliano kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi pamoja na ufadhili halazimiki kujibu kabla ya Aprili 15, ili apate nafasi ya kulinganisha majibu ya vyuo vingine. Makubaliano hayo hayamsaidii anayejilipia, na wauguzi wengi tunajilipia. Mwenzangu mmoja alikubaliwa na chuo alichokiweka cha pili, akapewa majuma mawili kulipa amana isiyorudishwa, huku chuo alichokitamani kikiwa kimya. Alilipa, na siku kumi baadaye chuo kile kingine kikamkubali. Akashindwa kuamua kama aipoteze fedha au nafasi, na hadi leo hapendi kulizungumzia. Utaratibu kama ule wa Aprili 15 ungeweza kuwafikia wote, wenye ufadhili na wasio nao, na ukaambatana na wajibu wa chuo chenyewe kujibu kabla ya siku hiyo.

Pamoja na hilo, naomba jalada lenye upungufu litolewe taarifa ndani ya majuma mawili tangu kupokewa, na anayekataliwa aandikiwe sentensi mbili za kumweleza alipopungukiwa, iwe ni alama, uzoefu au insha, ili msimu ujao ajue pa kuanzia.

Msimamizi wangu wa wodi ameniuliza jana kama aliandike jina langu katika ratiba ya mwezi ujao. Nimemwomba anivumilie hadi Ijumaa.

Wako katika huduma,
Muuguzi, wodi ya wagonjwa mahututi