Magoti ya mabinti hayachaniki kwa bahati mbaya

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa miaka 11 bila kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Jumatatu ya wiki iliyopita mliandika kuhusu maandalizi ya mabinti wetu wa chini ya miaka 17 kwa mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Mwandishi wako alipofika kwa wachezaji walioachwa kwa sababu ya magoti, alimaliza kwa mstari mmoja tu: bahati mbaya, ndiyo mpira ulivyo. Si kweli, na kila anayefundisha wasichana anapaswa kujua kwamba si kweli.

Kombe hili la wasichana wa chini ya miaka 17 lilianza mwaka 2008 kule New Zealand, na lilikuwa likichezwa kila baada ya miaka miwili. Tangu 2025 linachezwa kila mwaka, Morocco ikiwa mwenyeji hadi 2029, na timu zimetoka 16 hadi 24. Tumeshangilia kwamba nafasi zimeongezeka. Lakini maana yake ni kwamba kufuzu nako ni kila mwaka, nyumbani na ugenini, na binti anatoka kwenye ligi, anaingia mashindano ya shule, anaingia kambini, hapumziki. Sasa piga hesabu. Akichana ligamenti ya mbele ya goti, ile wachezaji wanayoiita ACL, akafanyiwa upasuaji, hapaswi kurudi kwenye mechi kabla ya miezi 9, na wengi huchukua mwaka. Huo ni msimu mzima wa kufuzu. Binti wa miaka 16 umri wa mashindano unamwacha akiwa bado anajifunza kupanda ngazi.

Majeraha hayo mengi hutokea bila mchezaji kuguswa na mtu. Katika umri wa kubalehe mifupa hurefuka haraka, misuli inachelewa kuifuata. Nyonga za msichana hupanuka, paja linashuka kwa mshazari kuelekea ndani, na misuli ya nyuma ya paja mara nyingi huwa dhaifu kuliko ya mbele. Akiruka kupiga kichwa akatua kwa mguu mmoja, goti likiwa limenyooka, au akikimbia kwa kasi akageuka ghafla, goti linaingia ndani na ligamenti inakatika. Ndivyo ilivyokuwa mwezi uliopita katika uwanja wa shule moja ambayo sitaitaja. Beki wa kulia alitua peke yake baada ya kona. Waliosimama karibu walisikia mlio, kama kijiti kikavu kinavunjwa. Akapuliziwa dawa ya baridi, akafungwa bendeji, akarudishwa ndani. Dakika ya nne goti likamtoka tena. Kufika jioni lilikuwa limevimba hadi kifuniko cha goti hakionekani, na mtu mzima amekaa analichua kwa mafuta ya moto! Goti lililotoa mlio na kuvimba ndani ya saa chache mara nyingi lina damu ndani. Halichuliwi, halipashwi joto, halirudishwi uwanjani. Linawekewa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, linafungwa, mguu unainuliwa, mgonjwa hakanyagi, anapelekwa kwa daktari wa mifupa. Na mtoto huyu ndiye mngemwandika kwamba ana bahati mbaya.

Dawa ya kuzuia ipo na haihitaji mashine. Ipo programu ya kupasha mwili iitwayo FIFA 11+, mazoezi 15, dakika 20. Ilipimwa Norway kwa wasichana karibu 1,900 wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakatolewa 2008: majeraha yalipungua kwa takriban theluthi, yale makubwa karibu nusu. Sehemu ya kwanza ni dakika 8 za kukimbia polepole na kufungua nyonga, kati ya jozi 6 za koni zilizoachana mita 5 hadi 6. Ya pili ni dakika 10 za nguvu, usawa wa mwili na kuruka. Ya tatu ni dakika 2 za mbio za kasi na kukata kona. Ifanywe angalau mara mbili kwa wiki. Siku ya mechi unafanya ya kwanza na ya tatu tu, maana ya pili inachosha misuli.

Zoezi linaloachwa kuliko yote ndilo lenye faida kubwa. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nguvu, mwili unanyooka kuanzia magotini hadi kichwani, kisha anaanguka mbele taratibu akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja, mikono inampokea mwishoni. Anayeanza afanye mara 3 hadi 5, aliyekomaa 12 hadi 15. Linaharibika pale nyonga inapokunjika na makalio kubaki nyuma, hapo misuli haifanyi kazi yoyote. Kwenye kuruka, kocha asiangalie kimo. Asimame mbele ya mchezaji aangalie magoti wakati wa kutua: yawe yamekunjwa, na yaelekee vidole vya miguu. Yakigusana, arudie akiruka chini zaidi. Kinachofanyika viwanjani kwetu ni kuzunguka uwanja mara mbili, kujinyoosha mmesimama, halafu mashuti golini.

Ratiba nayo. Kwenye Kombe hilo nchini India mwaka 2022, Serengeti Girls, timu yetu ya chini ya miaka 17, walicheza tarehe 12, 15 na 18 Oktoba. Walifungwa 4-0 na Japani, wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Kanada, na robo fainali dhidi ya Kolombia ilikuwa tarehe 22. Siku mbili kamili za kupumzika kati ya mechi za makundi, tatu kabla ya robo fainali. Kwenye mashindano yetu ya shule watoto haohao wanacheza leo, kesho na keshokutwa, saa nane mchana, wamelala sakafuni darasani. Misuli iliyochoka hailindi goti. Anayepanga ratiba hiyo ili kuokoa pesa za chakula anawavunja watoto, na gazeti lako linachapisha ratiba yenyewe bila neno.

Na viatu! Wasichana wanapewa njumu zilizoachwa na kaka zao, namba mbili zaidi, zimejazwa karatasi kwenye vidole. Meno marefu ya chuma ni ya nyasi ndefu zilizolowa. Kwenye nyasi bandia yanang'ang'ania, mguu unabaki mwili unageuka, na kinachojipinda ni goti. Uwanja wetu mkavu unataka meno mafupi mengi ya plastiki. Hapohapo niseme kuhusu kaptula nyeupe: timu ya wanawake ya Uingereza iliziacha mwaka 2023 kwa sababu ya siku za hedhi, wachezaji wenyewe waliomba. Sisi bado tunawavalisha watoto wa miaka 15, halafu tunashangaa kwa nini wanasita kuteleza kuokoa mpira.

Ninachoomba ni hiki. Meza ya usajili ya mashindano ya mkoa isipokee timu ya wasichana ambayo kocha wake hawezi kuongoza dakika hizo 20 mbele ya mkaguzi. Asiseme hana koni: chupa 12 za maji za lita moja na nusu, zijazwe mchanga hadi robo ili upepo usiziangushe, ni jozi 6 kamili. Nawe, Mhariri, kila Jumamosi kwa wiki 15 chapisha zoezi moja na picha mbili, moja ya goti lililokaa sawa na moja ya goti lililoingia ndani, kubwa kiasi cha kubandikwa kwenye mlango wa stoo ya michezo.

Mkufunzi wa makocha wa vijana,
Morogoro