Waingereza wa Monastir si watalii

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii wiki jana alidai kwamba vijana wa Uingereza wanaocheza tenisi Tunisia, Misri na Uturuki ni watoto wa matajiri walioenda kuota jua, na kwamba kutolewa kwao raundi ya kwanza si habari. Naomba nafasi nimjibu, kwa kuwa nimekaa nao Monastir, Tunisia, siku nane.

Nilimsindikiza binti yangu kwenye mchujo, yaani mechi za kuwania nafasi ya kuingia, wa mashindano ambayo zawadi zake zote kwa jumla ni dola 15,000, daraja la chini kabisa la tenisi ya kulipwa. Kule hakuna waokota mipira. Mchezaji anaokota mwenyewe, na kwenye mchujo ni yeye mwenyewe anayesema mpira umeingia au umetoka. Chumba cha jirani walikuwamo Waingereza wawili waliochangiana bei ya chumba. Kila usiku nilisikia maji bafuni kwao, wakifua jezi na soksi kwenye sinki, na asubuhi nikiziona zimeanikwa kwenye roshani. Mmoja alitolewa siku ya Jumanne. Jioni nilimkuta amekaa kwenye ngazi akitafuta kwa simu tiketi rahisi ya kwenda Antalya, Uturuki, kwenye mashindano mengine ya dola 15,000. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama binti yangu ameshakula.

Katika mashindano ya wanaume ya kiwango hicho, anayetolewa raundi ya kwanza hulipwa dola 156, kama Sh20,000 zetu, na bingwa dola 2,160. Wimbledon ya mwaka 2025 ilimlipa aliyetolewa raundi ya kwanza pauni 66,000. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lenyewe lilipotazama hesabu za mwaka 2013 lilikuta kwamba karibu nusu ya wachezaji 14,000 hivi waliocheza mashindano ya kulipwa hawakuambulia hata senti. Mwanamume alihitaji kuwa wa 336 kwenye orodha ya ubora duniani ili asile hasara, mwanamke wa 253.

Msomaji huyo amtazame Billy Harris, kijana wa kisiwa cha Isle of Man. Kwa miaka mitatu alizunguka Ulaya kwa gari la mizigo, Ford Transit, kitanda kikiwa humo ndani pamoja na mashine ya kufunga nyuzi za raketi, akitoka mashindano madogo haya kwenda yale. Alikuwa na miaka 29 alipofika robo fainali ya mashindano ya Queen's, London, mwaka 2024. Au Marcus Willis, aliyekuwa wa 772 duniani na akifundisha tenisi klabuni ili apate riziki. Mwaka 2016 alishinda mechi sita za kuwania nafasi, akaingia Wimbledon, akampiga Ričardas Berankis, kisha akasimama mbele ya Roger Federer kwenye korti kuu. Hata Emma Raducanu, bingwa wa US Open 2021, alikuwa Pune, India, Desemba 2019, akitwaa kombe la mashindano ya dola 25,000 ambalo sidhani gazeti lolote la kwetu liliandika habari zake.

Kwa jambo moja nakubaliana naye: Waingereza wana mgongo wa kuegemea. Asilimia 90 ya faida ya Wimbledon huenda kwa chama chao cha tenisi, na mashindano haya madogo huandaliwa pia nyumbani kwao, Nottingham, Sunderland, Glasgow. Kijana wa huko anaweza kuchuma pointi za kupanda kwenye orodha ya ubora kwa nauli ya treni. Mimi nauli ya ndege ya watu wawili ilimaliza akiba ya mwaka mzima, na binti yangu alicheza mechi moja tu, akashindwa seti mbili kwa moja. Ndiyo maana nilifurahi sana Nairobi ilipoandaa mashindano ya wanawake ya daraja hili, na Kigali ilipopata Challenger, mashindano ya wanaume ya daraja la juu ya haya, kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Mtoto wa Kisauni akipanda basi la usiku kwenda kucheza na Mwingereza Nairobi, amecheza mechi ile ile ya Monastir kwa sehemu ndogo tu ya gharama.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wako wa michezo huandika tenisi wiki mbili za Wimbledon, halafu kimya. Tupe japo kisanduku kimoja kila Jumatatu: nani kashinda Monastir, nani katolewa Sharm el-Sheikh kule Misri, wa kwetu na wa kwao, na kila mmoja amelipwa kiasi gani. Wazazi wengi huniuliza wawanunulie watoto wao raketi gani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za zile dola 156, kwa sababu hajaziona zimeandikwa popote.

Wako,
Baba wa mchezaji,
Kisauni, Mombasa