Kodi ya mali za kidijitali ipo, mlinzi wa amana zetu yuko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililojitokeza kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha akiba na mikopo hapa Moshi. Mwanachama mmoja kijana alipendekeza kwamba sehemu ya fedha tulizoweka kwenye hati fungani za serikali ihamishiwe kwenye bitcoin, sarafu ya kidijitali, akitoa mfano wa Marekani, ambako Januari 2024 mamlaka ya masoko ya mitaji iliruhusu mifuko inayoshikilia bitcoin iuzwe katika soko la hisa, na kampuni kubwa za uwekezaji kama BlackRock zikaingia. Aliieleza hoja yake vizuri. Ndipo mama mmoja muuza ndizi, kitabu chake cha akiba kilichochakaa pembe kikiwa mkononi, akasimama na kuuliza, "Funguo za hizo fedha atakaa nazo nani?" Ukumbi ulinyamaza, kwa kuwa sefu ya chama chetu ina funguo mbili na kila mwanachama anajua zinakaa kwa nani.

Swali hilo limewashinda wakubwa kuliko sisi. Soko la sarafu za kidijitali la FTX lilipoanguka Novemba 2022, ilibainika kwamba fedha za wateja zilikuwa zimechukuliwa na kampuni dada ya Alameda Research, na mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario, Kanada, wenye wataalamu wa uwekezaji tusioweza kuwaajiri, ukalazimika kufuta vitabuni Dola za Marekani milioni 95 ulizowekeza humo. Umoja wa Ulaya umekwishaweka sheria inayomlazimisha mtunzaji wa mali za kidijitali kutenga za wateja na zake mwenyewe.

Kwetu, Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kuwatahadharisha wananchi dhidi ya sarafu hizi, kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Sipingi kodi. Linalonisumbua ni kwamba mtu anayekatwa kodi hiyo leo hajaambiwa ni ofisi gani atakwenda kulalamika siku jukwaa alilolitumia likifungwa na fedha zake zikiwa ndani.

Naziomba Benki Kuu, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika zikae pamoja na kutoa mwongozo, kabla taasisi zinazotunza jasho la watu hazijaingia huko kwa kuigana, utakaoeleza nani anaruhusiwa kutunza mali hizi, ukaguzi utafanywaje, na chama kama chetu kisivuke kiwango gani.

Pendekezo la kijana yule limeahirishwa, na bodi imetakiwa kuja mkutano ujao na jibu la swali la mama yule.

Wasalaam,
Mwanachama wa SACCOS, Moshi