Kampuni Ikiuzwa, Pesa Huingia Mfuko wa Nani?

Mwenye kampuni akishatajiwa bei, hesabu za kichwani huanza papo hapo: karo, shamba, nyumba. Sisi tunaowashauri wanaouza kampuni humwomba asubiri kidogo. Je, unauza hisa zako, au kampuni ndiyo inayouza biashara yake? Hapa Kenya njia hizo mbili hutozwa ushuru tofauti kabisa.

Ukiuza hisa, muuzaji ni wewe. Mnunuzi anakulipa wewe, na ushuru wa faida ya mtaji ni mzigo wako. Tangu Januari 1, 2023 kiwango chake ni asilimia 15. Kabla ya hapo kilikuwa asilimia 5, na bado tunakutana na watu wanaopanga kwa kile cha zamani. Hutozwa kwenye faida, si kwenye bei. Tuseme hisa zilizokugharimu Sh2 milioni umeziuza kwa Sh20 milioni, na gharama za wakili na mhasibu kwenye mauzo hayo zikawa Sh500,000. Faida ni Sh17.5 milioni, ushuru ni Sh2,625,000. Mnunuzi naye hulipa ushuru wa stempu, asilimia 1.

Sasa angalia tarehe ya kulipa. Ushuru wa faida ya mtaji hudaiwa bei yote inapopokelewa au uhamisho unaposajiliwa, lolote litakalotangulia. Hapo ndipo wanaokubali kulipwa kwa awamu huumia. Hisa zikishaandikishwa kwa jina la mnunuzi, KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, haingoji awamu yako ya tatu; unadaiwa ushuru wa faida yote hata kama uliyopokea ni theluthi ya bei. Tunasisitiza kwa kila mteja: malipo ya kwanza yatoshe kulipa ushuru wote, na mkataba useme hivyo waziwazi.

Ikiuzwa biashara yenyewe, yaani mashine, stoki, magari na wateja, muuzaji ni kampuni, na pesa huingia kwenye akaunti ya kampuni. Humo hulipwa benki, wauzaji wa bidhaa na wafanyakazi wanaoachishwa kazi. Faida ya stoki hutozwa asilimia 30 kama mapato mengine ya kampuni, na mashine ikiuzwa kwa zaidi ya thamani iliyobaki kwenye hesabu za ushuru, ziada hiyo nayo ni mapato. Mali zikiuzwa moja moja kuna VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ya kufikiria. Kinachosalia ukikitoa kama mgao wa faida kwa wenye hisa, mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 nyingine. Wanunuzi wengi huipenda njia hii kwa kuwa huchukua mali na kuyaacha madeni ya zamani. Kwa muuzaji, mara nyingi ndiyo iliyo ghali.

Maana kwenye hisa, madeni ya zamani huhama pamoja na kampuni. KRA inaweza kurudi nyuma miaka 5, na zaidi palipo na udanganyifu. Ikikuta PAYE (ushuru unaokatwa kwenye mishahara) au VAT haikulipwa ulipokuwa wewe mwenye kampuni, barua ya madai itamfikia mwenye kampuni mpya. Ndiyo sababu mnunuzi makini huomba sehemu ya bei ibaki kwenye akaunti ya wakili kwa muda mliokubaliana. Ombi hilo ni la haki. Pigania tu mambo mawili: kiasi kitajwe, na tarehe ya kukuachilia pesa zako itajwe.

Jambo moja tunaliona likipoteza pesa za watu bure. Wamiliki wengi wameikopesha kampuni pesa zao wenyewe, labda wakati wa janga la korona au mwezi mgumu wa mishahara. Kurudishiwa mkopo wako si faida, wala hakuna ushuru juu yake. Lakini ikiwa haukuandikwa vitabuni, pesa hizo zitaingizwa kwenye bei na kutozwa asilimia 15. Tafuta taarifa za benki za miaka hiyo na uzirekebishe hesabu kabla mnunuzi hajaanza kuzikagua.

Na kama uliidhamini kampuni benki kwa hati ya nyumba yako, kuuza hisa hakuondoi dhamana hiyo. Benki lazima ikuachilie kwa maandishi siku ileile ya kukamilisha mauzo.

Ukija kwetu, njoo kabla ya kutia saini hata barua ya makubaliano ya awali, ukiwa na hesabu zilizokaguliwa, cheti cha KRA cha kutodaiwa ushuru na orodha ya wenye hisa.