Kuhusu mashine ya mtetemo ya mzee

Zuhura mpenzi,

Salamu nyingi, na pole sana kwa kumuuguza mzee tangu apate kiharusi. Kwanza narudia nililokwambia kwenye simu: ule uvimbe wa mguu wake daktari auone kabla ya jambo lolote, na mtu asiukande. Ikiwa damu imeganda humo, kuutikisa kunaweza kuling'oa bonge likapanda mapafuni.

Sasa umeniuliza kama uuze cherehani moja umnunulie mzee lile jukwaa la umeme ambalo mtu husimama juu yake likamtetemesha mwili mzima. Usiuze.

Si kwamba mtetemo ni uongo. Sisi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, tunautumia, ila kwa kifaa kidogo cha kushika mkononi, kinachotetemesha msuli mmoja tu, kama mara 80 hadi 100 kwa sekunde. Ndani ya msuli mna vihisio vinavyoupasha ubongo habari kwamba msuli unavutwa, na mtetemo huvidanganya. Mwambie mtu afumbe macho, umtetemeshe msuli wa mbele wa mkono wa juu, atakuapia kiwiko kinanyooka na kumbe mkono haujasogea! Watafiti walilieleza hilo mwaka 1972, na mpaka leo wanafunzi wetu wakijaribiwa hucheka.

Mkono wa mzee umejikunja kifuani tangu apate kiharusi. Msuli unaokunja ndio uliokakamaa, kwa hiyo kifaa hakiwekwi hapo. Kinawekwa nyuma, juu kidogo ya kiwiko, kwenye msuli wa kunyoosha. Huo ukisisimka, uti wa mgongo humwamuru mwenzake wa mbele alegee. Utaona kiwiko kilichokuwa kigumu kama mpini wa jembe kinaanza kuachia taratibu. Lakini hali hiyo haidumu. Kikiachia tu, mgonjwa aanze kazi: anyooshe mkono afikie kikombe, arudishe, afikie tena. Akilala baada ya mtetemo, mmepoteza umeme tu.

Jukwaa linatikisa mwili mzima, nalo kwa wagonjwa wa kiharusi majaribio hayajaonyesha faida ya uhakika katika kutembea wala kusimama imara. Wanaokuapia limewasaidia si lazima wawe waongo. Zamani Paris, daktari Charcot alisikia wagonjwa wake wa Parkinson, yale maradhi ya kutetemeka na kukakamaa mwili, wakisema safari ndefu za treni na magari ya farasi zinawapa nafuu, akaagiza kiti cha kutetemeka. Mwaka 1892 alikuwa akikifundishia. Mwaka 2012 watafiti wa Chicago wakalijaribu upya jambo hilo. Wagonjwa wengine walipewa kiti chenye mtetemo na sauti za kutuliza, wengine sauti peke yake. Makundi yote mawili yalipata nafuu, wala lenye mtetemo halikulizidi lenzake, kwa hiyo mtu anaweza kupata nafuu kweli bila mtetemo kuwa ndio ulioileta. Muuza majukwaa hawezi kukusimulia hayo.

Fedha uliyonayo iwe nauli ya kumpeleka mazoezini. Nikija mwisho wa mwezi nitabeba kifaa changu nikuonyeshe pa kukiweka, daktari akisharidhika na mguu. Kwa sasa mwambie mama aache kumfanyia mzee kila kitu. Kikombe cha maji, si chai ya moto, kiwekwe upande wa mkono mgonjwa, naye asaidiwe kukifikia hata kama atamwaga.

Wasalimie wote.

Wako,
Rehema