Kwa dada wa kijiko cha chai

Dada, jina lako sikuuliza, na nimejilaumu sana. Tulikaa viti jirani siku ya kliniki, mimi nikiwa na wiki ya 6 tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni, wewe mwaka wa 3. Nilikuwa nimekata tamaa. Karibu kila nikila, natapika. Hukunihubiria. Ulitoa kijiko cha chai mkobani ukasema, "Achana na kile kikubwa, mdogo wangu. Tafuna mpaka iwe kama uji, weka kijiko chini, ndipo uchote tena." Kwenye maji ukanikazia macho: usinywe huku unakula, subiri nusu saa. Protini kwanza. Na vidonge vya vitamini ni vya maisha, hata ukijiona mzima.

Nywele zilipoanza kunyonyoka mwezi wa 4 sikulia, maana ulishaniambia zitaota tena. (Haya, nililia kidogo.) Kutapika kumekoma, na jioni natembea dakika 30 bila kusukumwa. Kijiko chako bado ninacho, ulisahau kukidai. Asante sana, dada. Ukisoma haya njoo ukichukue, ingawa nitakung'ang'ania kidogo.